Barua ya wazi kwa Shangazi yangu, kuhusu chokoleti iliyo mkobani mwake

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku Kisauni tu wazima, na hofu yetu ni juu yako wewe na watu wote wa hapo Mji wa Kale. Najua si ada kwa mtoto wa kaka kumpa shangazi yake nasaha, kwa kuwa kwetu shangazi ndiye anayefunda, nawe umenifunda mengi. Lakini maradhi haya ya kisukari ninaishi nayo mwilini mwangu kama unavyoishi nayo wewe, na kwa vile nyumba nyingi za Mombasa zina mtu mwenye sukari na ubishi ule ule juu ya vitamu, nimeona niandike wazi, jina lako nikilihifadhi, ili atakayenufaika naye anufaike.

Siku ya Idi, ndugu yetu aliyerudi kutoka Maskati alipofungua lile boksi la chokoleti, ulilisukuma mbali na kusema mbele ya wageni kwamba mwenye sukari akila chokoleti amejichimbia kaburi. Muda si muda ukajipakulia kaimati, na ulipotazamwa ukajibu kuwa hizo zimepikwa nyumbani. Baadaye ulipofungua mkoba kutoa vidonge vyako, nikaona kipande cha chokoleti ya maziwa kilichofungwa kwenye leso, ukanieleza kuwa ni cha dharura, sukari ikishuka. Niwie radhi, Shangazi, lakini sheria uliyojiwekea imekaa kinyume: umeipiga chokoleti marufuku pale ambapo ingeweza kuliwa kwa kiasi, ukairuhusu katika saa moja ambayo haifai.

Nianze na mkoba, maana huko ndiko kwenye hatari. Sukari ya mtu ikishuka chini ya 4 kwa kipimo cha mashine zetu, yaani milimoli kwa lita, akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio, mwili wake unataka sukari itakayofika kwenye damu ndani ya dakika chache. Chokoleti haiwezi kazi hiyo. Katika kila gramu 100 za chokoleti ya maziwa, takriban gramu 30 ni mafuta, na mafuta hulifanya tumbo lichelewe kukitoa chakula, kwa hiyo sukari iliyomo hukaa njiani wakati wewe unazidi kulegea. Kinachotakiwa ni gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu kikombe cha juisi au cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Kisha usubiri dakika 15, upime tena, na kama bado iko chini, urudie. Ikisharudi mahali pake, ndipo ule kitu cha kushikilia tumbo, hasa kama mlo unaofuata bado uko mbali. Na walio nyumbani wajue kwamba mtu aliyepoteza fahamu hatiwi chochote kinywani, hukimbizwa hospitali.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya dawa zako. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, na ndiyo maana mimi ninayeitumia hiyo tu sina wasiwasi mkubwa. Wewe unameza pia glibenklamidi, ambayo huiamrisha kongosho itoe insulini, ile inayoishusha sukari ya damu, hata kama hujala, na siku unapochelewa chakula cha mchana kwa sababu ya msiba au harusi, ndiyo siku ya kuogopa. Kwa hiyo ninakuomba ukitoe kile kipande mkobani, utie badala yake glukosi ya unga, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Haiyeyuki kwenye joto la Machi, na wajukuu hawatakuwa na sababu ya kuupekua mkoba wako.

Sasa nije mezani. Mafuta yale yale yanayoifanya chokoleti isifae wakati wa dharura ndiyo yanayoifanya isiipandishe sukari kwa ghafla baada ya mlo, ikilinganishwa na vitu vingi tunavyovila bila kuvishuku. Chukua chokoleti nyeusi yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85: gramu 100 zake huwa na takriban gramu 24 za sukari, kwa hiyo kipande cha gramu 20 kina gramu 5 hivi, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kipande kama hicho cha chokoleti ya maziwa kina takriban gramu 10. Kijiko kikubwa cha asali, ambayo huwa unaitia kwenye chai ukisema ni dawa, kina gramu 17. Tende moja kubwa ya majdul ina gramu 16. Na kaimati ni unga mweupe uliokaangwa kisha ukavishwa shira, nayo shira haibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu imechemshiwa jikoni kwetu. Sikukatazi tende ya kufuturia, la hasha. Ninachosema ni kwamba mizani ikiwekwa, iwekewe wote.

Wala sahani ya wali haina budi kuingia kwenye mizani hiyo. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, nao wote huishia kuwa sukari ndani ya damu, ingawa ulimi hauonji utamu wowote. Mwenye sukari anayekataa kipande cha chokoleti mbele za watu, kisha akapakua wali wa pili kwa sababu biriani ni ya harusi, amekwepa kidogo akapokea kingi. Kinachofaa zaidi ni kupunguza wali au kuacha mahamri ya pili siku ile unayotaka kula chokoleti, ili kipande kile kichukue nafasi ya kitu, kisiongezwe juu ya kila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chai zako mbili za asubuhi, kwa jinsi ninavyoujua mkono wako, zinavimaliza vijiko hivyo kabla jua halijapanda.

Kuhusu aina ya chokoleti, tafadhali usihadaike na rangi wala na karatasi yenye nakshi ya dhahabu. Geuza nyuma usome. Asilimia ya kakao iliyoandikwa mbele ni jumla ya unga wa kakao na mafuta yake, na kinachobaki kwenye chokoleti nyeusi ya kawaida huwa karibu chote ni sukari; kwa hiyo asilimia 70 inakuachia sukari isiyozidi 30 au karibu na hapo, na asilimia 85 inakuachia nusu ya hiyo. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, na sukari ikitajwa mwanzo, basi ujue unanunua sukari iliyotiwa kakao. Chokoleti nyeupe haina unga wa kakao hata chembe, ila mafuta yake tu pamoja na maziwa na sukari nyingi. Nazo nyingi za bei rahisi hutengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea, ndiyo maana hukaa kibandani mchana kutwa bila kulainika. Hizo mimi sizihesabu.

Kisha kuna zile zinazouzwa kwa bei ya kuruka kwa madai kuwa ni za wenye kisukari. Shirika la Diabetes UK la Uingereza limekuwa likisema kwa miaka mingi kwamba halizipendekezi, nami nakubaliana nalo. Mara nyingi zimetiwa maltitoli, aina ya kitamu cha viwandani, badala ya sukari ya kawaida, na maltitoli nayo huipandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, mafuta yakibaki vile vile, na ukizidisha, tumbo litakuendesha. Sioni kwa nini mtu alipe zaidi apate chokoleti isiyo na ladha pamoja na tumbo la kuhara.

Nisije nikakutoa kwenye kosa moja nikakutia kwenye jingine, kwa maana najua pia ule ujumbe unaozunguka kwenye simu za jamaa kwamba chokoleti nyeusi ni tiba ya sukari. Si tiba. Uko utafiti uliochapishwa katika jarida la utabibu la BMJ Desemba 2024, uliowafuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Marekani kwa miaka mingi, ukakuta kwamba waliokula chokoleti nyeusi angalau mara tano kwa wiki uwezekano wao wa kupata kisukari cha aina ya pili ulikuwa pungufu kwa asilimia 21 kuliko wa wale ambao hawakula chokoleti au waliokula kwa nadra. Chokoleti ya maziwa haikuonyesha nafuu hiyo, bali iliandamana na kuongezeka kwa uzito. Lakini watu wale hawakuwa na kisukari walipoanza kufuatiliwa, na huenda mpenzi wa chokoleti nyeusi ana desturi nyingine njema zinazomkinga. Sisi ambao tumeshaugua tunaila kwa sababu ni tamu, na hiyo ni sababu tosha kwa mtu mzima. Gramu 100 za chokoleti nyeusi zina takriban kalori 600, na uzito hauulizi kalori hizo zimetoka wapi.

Namna ninavyoila mimi ni hii. Huila baada ya chakula cha mchana chenye samaki na mboga, wakati tumbo lina kitu, kamwe si asubuhi na mapema wala usiku nikiwa nimelala mbele ya televisheni. Huvunja kiasi changu, nikapima kwa mizani ndogo ya jikoni, na boksi nikalirudisha kwenye friji kabla sijatia kipande kinywani. Hupima sukari kabla ya mlo na saa mbili baadaye. Lengo linalotumiwa sana ni isizidi 10 baada ya kula, ingawa daktari anaweza kukuwekea lengo jingine kwa umri wako. Kwa kuwa mafuta huchelewesha mambo, mara za mwanzo inafaa upime tena baada ya saa moja zaidi, ujue mwili wako wewe unasemaje, kwa maana wangu hauwezi kuusemea.

Na joto letu hili linataka adabu yake. Mafuta ya kakao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 au karibu na hapo, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti nzuri hupotea yenyewe juu ya ulimi usipoitafuna. Chumbani Mombasa mwezi wa Februari haikosi kulainika mchana na kuganda usiku, kisha ukaiona imefanya utando wa kijivu. Huo si ukungu. Ni mafuta yaliyopanda juu, na haidhuru. Ifunge vizuri kabla ya kuitia kwenye friji isije ikashika harufu ya papa, uitoe dakika chache kabla ya kuila, kwa sababu ikiwa baridi sana haina ladha, nawe utataka kipande cha pili kutafuta ladha ambayo hukuipata katika cha kwanza.

Jaribu pia na kahawa tungu, ile uliyozoea jioni pamoja na halwa. Watu wa Mvita hatuhitaji kufundishwa kwamba kikombe kichungu kisicho na sukari hukifanya kitamu kidogo kitoshe. Basi weka chokoleti nyeusi mahali pa halwa, uinyonye polepole, ushushie kahawa. Halwa ni sukari, wanga na samli, na sidhani kama umewahi kuishia kwenye gramu 20.

Jambo moja limebaki ambalo linahitaji kauli ya daktari wako na si yangu. Ikiwa wamekuambia kuwa figo zako zimeanza kuchoka, usianze chokoleti kabla ya kuuliza, kwa sababu kakao ina potasiamu na fosforasi nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuzitoa. Kwenye kliniki ijayo, uliza pia kama ile glibenklamidi bado inakufaa kwa umri wako, kwa vile kuna dawa nyingine zisizoishusha sukari kwa ghafla.

Boksi la Idi bado liko kwangu, nimewazuia watoto, na nimechambua zilizo nyeusi nikaziweka kando. Nitakuja Jumamosi baada ya adhuhuri nikiwa na mizani na mashine ya kupimia. Nawe uwe umeshakula, kahawa iwe jikoni, na kitabu chako cha kliniki kiwe mezani. Ile ya mkobani mpe mjukuu mkubwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, binti wa kaka yako.