Nina deni la kijana wa bodaboda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu mafungo ya vijana, yaani siku za kujitenga kwa sala na tafakari.

Kwaresima ya 2025, ile iliyoingia wiki moja na Ramadhani, kigango chetu, tawi la parokia Katoliki, kilipeleka vijana kwenye mafungo ya siku tatu. Jumapili baada ya Jumapili matangazo yalikuwa yaleyale: nauli, mchele, fulana. Aliyetoa alisomwa jina akapigiwa makofi. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, ambaye huletwa kanisani kwa bajaji kwa sababu ya mguu, akaninong'oneza, "Mimi basi sina langu." Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa kibua. Tangu lini muumini akakosa lake kwa kukosa elfu tano?

Namshukuru katekista, maana nilipomfikishia hakulipuuza. Aliandika majina ya vijana kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kikapu cha sadaka, na kila anayebaki nyumbani akaokota kimoja: huyo ndiye wa kumwombea na kufunga kwa ajili yake mpaka arudi. Bibi akaokota wake. Mimi nikaokota kijana wa bodaboda ambaye namdai shilingi 7,000 za samaki tangu Krismasi. Nilitaka kukirudisha. Katekista akainua kikapu juu nisikifikie.

Mimi nauza samaki wa kukaanga hapa Bagamoyo. Kuacha chai na kitumbua hakukunisumbua. Kazi ilikuwa ulimi. Anayejua mnada wa samaki pale pwani anajua bei hupiganiwa kwa mdomo, na wangu unafahamika. Kwa siku tatu niliazimia kutobishana na mtu. Ndoo ya vibua niliyoitolea macho ikachukuliwa na mwenzangu, nikameza mate, nikasema kimoyomoyo, "Hii ni ya yule kijana." Siku ya kwanza nilisema kwa hasira, nakiri. Siku ya pili hasira ilipungua. Siku ya tatu nikajikuta namuuliza Mungu kama mtoto wa watu amekula.

Jirani yangu Mwislamu, tunayekaanga naye kibanda kimoja, alidhani naumwa. Nilipomweleza alicheka sana, "Kumbe nawe umefunga, shoga yangu!" Jioni akaniletea uji wa futari na kuniambia amemwombea dua mdaiwa wangu. Hivyo ndivyo tunavyoishi huku.

Bibi naye alisali rozari usiku wa manane, saa ambazo mguu humnyima usingizi. Aliniambia, "Mguu huu umepata kazi."

Padri mmoja alitueleza kuwa harakati ya Kikatoliki ya mafungo iitwayo Cursillo, iliyoanzia kisiwa cha Mallorca nchini Hispania miaka ya 1940, huziita sala na majitoleo ya namna hii palanca, yaani wenzo. Sisi wa pwani tunaelewa upesi. Chombo kizito hakibebwi. Hutiwa wenzo kikasogea, na anayeukandamiza wala hapandi chomboni. Alitukumbusha pia Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa. Aliingia konventi ya Lisieux akiwa na miaka 15, akafia humo mwaka 1897 akiwa na miaka 24, huku akiwaombea wawili waliokabidhiwa kwake, padri mmisionari na mseminari aliyejiandaa kwenda misioni. Mwaka 1927 Papa Pius XI akamfanya msimamizi wa misioni. Sisi tulioupata Ukristo kwa wamisionari waliofika hapa 1868 tusiidharau kazi ya aliyebaki nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba mapadri na makatekista: tangazo la mafungo litaje majina, si michango tu. Wagonjwa wapelekewe vikaratasi nyumbani, na waambiwe ratiba, wajue kijana wao anaungama saa ngapi. Mchele uendelee kuchangwa, maana vijana hawali rozari. Ila wale wanaowaandikia vijana barua za kuwatia moyo wasihesabu humo siku walizofunga. Nimeiona moja, ilikuwa kama ankara.

Kijana wangu alirudi Jumapili jioni. Yaliyompata huko sijui, wala sikumuuliza. Alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda, akavua kofia ngumu, akasema, "Shikamoo, mama." Tangu Krismasi alikuwa akipita mbio akitazama upande wa pili.

Zile 7,000 bado hajalipa. Kikaratasi chenye jina lake kimo kwenye kopo la chenji.

Mama Muuza Samaki,
Bagamoyo