Konokono "anayekula jua" apimwe gizani

Mhariri,

Habari ya konokono wa baharini anayeishi kwa mwanga wa jua kama mmea hurudi magazetini kila baada ya muda. Si uongo, ila hukatishwa mapema mno.

Anayetajwa ni Elysia chlorotica wa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini: hana gome, ni bapa kama jani, na kwa kawaida ana urefu wa sentimita 2 hadi 3. Hazaliwi kijani. Akiwa mchanga hutoboa nyuzi za mwani uitwao Vaucheria litorea, akafyonza vilivyomo na kuvisaga, isipokuwa kloroplasti, yaani chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga. Hizo huzihifadhi nzima ndani ya seli za mfumo wake wa kusaga chakula, wenye matawi yaliyoenea mwili mzima. Mayai yake hayana kloroplasti hata moja, hivyo kila kizazi huanza wizi upya. Akinyimwa chakula lakini akaachiwa mwanga, anaweza kuishi miezi 9.

Tatizo ni ukarabati. Mwanga huohuo unaoendesha usanidinuru huharibu protini za kloroplasti, hasa ile iitwayo D1, na jeni nyingi za kutengeneza vipuri zimo kwenye kiini cha seli ya mwani, ambacho konokono hakukihifadhi. Mwaka 2008 ilidaiwa kwamba ameiba na jeni pia. Uchunguzi wa DNA ya mayai yake uliotolewa mwaka 2013 haukuona ushahidi huo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kloroplasti za Vaucheria ni sugu kwa asili: zina jeni yao wenyewe ya kuondoa protini iliyoharibika.

Kisha likaja jaribio ambalo magazeti hayalitaji. Mwaka 2014 watafiti waliwashindisha njaa jamaa zake wawili, Elysia timida na Plakobranchus ocellatus. Kwenye mwanga walinasa kaboni kweli. Lakini waliofungiwa gizani nao waliishi kwa miezi. Kwa hiyo huenda kloroplasti ni akiba inayosagwa polepole, wala si kiwanda cha chakula.

Matumbawe wasitiwe kapu hilo. Wao hufuga mwani mzima ulio hai, wenye kiini chake, unaojikarabati na kugawanyika, na ndio unaowapa sehemu kubwa ya nishati yao. Ila maji yakizidi joto la juu la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, ushirika huvunjika na matumbawe hupauka. Mnyoo Symsagittifera roscoffensis wa fukwe za Ufaransa amekwenda mbali zaidi: akishapata mwani wake na kukomaa, hali chakula tena.

Na wanaoota binadamu wa kijani wapige hesabu. Ngozi ya mita 1 ya mraba, jua kali la wati 1,000 kwa saa 6, ufanisi wa asilimia 1: zinapatikana kama kilokalori 50. Mtu mzima huhitaji takriban 2,000 kwa siku, na hapo amelala uchi juani mchana kutwa.

Ombi langu kwa chumba cha habari ni dogo. Habari ya mnyama wa namna hii ikifika mezani, mwandishi aulize kwanza: kulikuwa na kundi lililowekwa gizani? Lilikufa lini?

Msomaji wenu