YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFURUSHI CHENU CHA VICHEKESHO BUBU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nililipia kifurushi chenu cha filamu bubu za Marekani zenye maelezo ya Kiswahili, na Jumamosi iliyopita nikawaonyesha wanafunzi wangu. Nimeudhika, kwa sababu mmewanyima watu majina yao.

Chukueni Laughing Gas ya mwaka 1907, iliyotoka kampuni ya Edison. Mama mweusi, shavu limefungwa kitambaa kwa maumivu ya jino, anavutishwa gesi na daktari, anaanza kucheka. Anapanda tramu, abiria wote wanaangua kicheko. Polisi wanamkamata, na mahakamani hakimu naye anashindwa kujizuia. Uso wake ndio filamu yenyewe. Ninyi mmemwandika "mfanyakazi wa ndani", basi. Anaitwa Bertha Regustus. Tena nakala yenu inakatika kabla ya picha ya mwisho, ile ya uso wake kwa karibu akicheka. Wanafunzi walikuwa wakiisubiri, maana nilishawasimulia.

Kisha Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, katika A Natural Born Gambler ya 1916. Yuko jela, anacheza karata zisizokuwepo: anachanganya, anagawa, anachungulia alichopata. Mikono mitupu, lakini karata unaziona! Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona mtu mweusi kapakwa weusi?" Maelezo yenu kimya. Jukwaa la enzi zile lilimtaka mchekeshaji mweusi ajipake masizi ya kizibo kilichochomwa, ili watazamaji weupe wapate kinyago walichokizoea. Mistari miwili ingetosha. Mimi niliwaeleza wangu. Anayetazama peke yake nyumbani ataelezwa na nani?

Hata Mabel Normand mmemwita "mrembo wa Chaplin", ilhali mwaka 1914 pale Keystone, studio ya filamu za vichekesho, alikuwa akiongoza filamu, na Chaplin akiigiza chini yake.

Naomba mrudishe majina, muweke nakala kamili na maelezo ya masizi. Mkiweza, ongezeni Lime Kiln Field Day: Williams aliiigiza mwaka 1913 pamoja na waigizaji weusi wengi, ikaachwa bila kukamilishwa, hadi makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, yalipoonyesha vipande vyake mwaka 2014. Humo anachumbia na kupendwa.

Nina onyesho lingine mwisho wa mwezi. Nikiikuta nakala ileile, nitadai fedha yangu yote.

Wenu,
Mwalimu na mteja wenu