Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale: vigae vimeoshwa tena

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima tunakuandikia hadharani, maana barua tatu tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa. Wiki iliyopita tulipokea masanduku mawili ya vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, kutoka kwenye uchimbaji unaosimamiwa na idara yako. Tuliombwa tueleze watu wa kale walipika nini ndani ya vyungu hivyo. Vigae vyote vilikuwa vimesuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga. Baadhi vililowekwa kwenye asidi ili gamba la chokaa litoke. Vimeandikwa namba juu ya rangi ya kucha, kisha vikafungwa na unyevu wake kwenye mifuko ya plastiki.

Kwenye kikao cha mwaka jana uliahidi kwamba wachimbaji watapewa mwongozo wa maandishi kabla ya msimu kuanza, na ahadi hiyo uliirudia mbele yao. Msimu umeanza na mwongozo haujaonekana.

Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chakula kilipochemka, mafuta yake yalipenya humo yakanaswa, na yanaweza kukaa maelfu ya miaka. Kwenye chungu cha kuchemshia, mafuta huelea juu ya maji, kwa hiyo mdomo na bega la chungu ndivyo hubeba mengi, na kitako hubeba machache. Hata hivyo nusu ya tulivyoletewa ni vitako, kwa kuwa ni vinene na havivunjiki safarini. Hilo nalo tulishalieleza.

Kazi yenyewe haitaki kigae kizima. Tunakwangua uso wa nje kwa drili ndogo ili kuondoa uchafu wa udongo na wa mikono, kisha tunachukua takriban gramu 2 na kuzisaga kwenye kinu kilichosuuzwa kwa kiyeyushi. Tunaongeza kiasi kinachojulikana cha kipimo cha ndani, kwa kawaida alkani nyoofu (mnyororo wa kaboni na hidrojeni) yenye atomi 34 za kaboni, ili baadaye tujue mafuta yalikuwa mangapi. Halafu tunayatoa kwa klorofomu na methanoli, sehemu 2 kwa 1, au kwa methanoli iliyotiwa asidi ya salfuriki na kupashwa hadi nyuzi 70, njia inayong'oa hata mafuta yaliyoshikamana na udongo. Kila kundi la sampuli huenda na sampuli tupu isiyo na kigae, ili uchafu wa maabara yenyewe ujulikane. Kigae chenye chini ya mikrogramu 5 za mafuta kwa kila gramu hatukitolei hukumu, kwa sababu hapo uchafu mdogo tu unatosha kupotosha jibu.

Sasa tazama kilichotokea kwa vigae vyako. Plastiki hutoa thalati, kemikali za kuilainisha, na kwenye grafu za mashine yetu zinasimama vilele virefu vinavyofunika vile tunavyovitafuta. Sabuni ya unga huacha minyororo mirefu ya kaboni inayofanana mno na mafuta ya chakula. Rangi ya kucha huingia ndani ya vitundu. Asidi hula chungu chochote kilichochanganywa na kombe au chokaa iliyosagwa, na kuta zikibomoka, mafuta huondoka nazo. Kigae chenye unyevu kikifungwa ndani ya plastiki huota ukungu, na ukungu nao una mafuta yake. Vidole vitupu huacha kolesteroli na skwalini, mafuta ya ngozi ya binadamu. Skwalini haidumu ardhini, hivyo tukiikuta pamoja na kolesteroli tunajua tumepima mkono wa mtu wa juzi.

Tuseme ukweli kuhusu maji: maji matupu si adui mkubwa, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya ukuta hayayeyuki ndani yake. Maabara nyingi zimepata majibu mazuri kwenye vigae vya makumbusho vilivyooshwa zamani. Kinachoangamiza ni sabuni, asidi na brashi. Brashi ndiyo inayotuuma zaidi, maana inaondoa ukoko. Ukoko ule mweusi ulioganda ndani ya chungu ni chakula chenyewe kilichoungua. Humo tungetafuta protini na wanga, na pengine tungepata umri wake kwa kaboni ya mnunurisho. Kwenye kigae kimoja cha mdomo tumeona mstari mwembamba wa ukoko uliosalia chini ya ukingo, mahali brashi haikufika. Upana wake haufiki ukucha. Hicho ndicho kilichobaki kwenye masanduku mawili.

Mheshimiwa, elimu inayopotea hapa ni kubwa. Kwa kulinganisha isotopi za kaboni (aina zake nyepesi na nzito) katika asidi mbili za mafuta, ya palmitiki na ya steariki, maziwa hutofautishwa na mafuta ya nyama ya wanyama wanaocheua. Kiwele hakitengenezi asidi ya steariki. Huichukua ikiwa tayari kwenye damu, na nyingi yake imetokana na majani yaliyopitia tumboni. Ndiyo maana steariki ya maziwa huwa na upungufu wa kaboni-13, ile isotopi nzito, na tofauti ikizidi takriban 3.1 kwa elfu tunasema ni maziwa. Kwa njia hiyo, mwaka 2008 vyungu zaidi ya 2,200 vilipimwa na matumizi ya maziwa yakaonekana katika Mashariki ya Karibu tangu milenia ya saba KK. Mwaka 2012 yalionekana Takarkori, Libya, na mwaka 2020 kwenye vyungu vya wafugaji wa Afrika Mashariki, vikiwemo vya Luxmanda, Tanzania. Majibu hayo yote yalitoka kwenye vipande vidogo ambavyo mtu hakuvisugua hadi mafuta yakaisha.

Tulikuwa na orodha ndefu ya maombi: glavu, sampuli ya udongo wa jirani wa kila kigae, kukaushia kivulini, fomu za kumbukumbu, mafunzo ya siku mbili. Mafunzo yanaweza kusubiri. Fomu nazo zinaweza kusubiri.

Lakini kabla kigae kijacho hakijatolewa shimoni, waagize wachimbaji waweke kando vipande vichache vya mdomo na bega kutoka kila tabaka, bila kuviosha, bila kuviandika, wavizungushie karatasi ya aluminiamu, na waweke kijiko cha udongo wa palepale kwenye karatasi nyingine. Vingine waoshe wapendavyo. Hivyo vichache visiguswe. Agizo hilo linaenea kwenye ukurasa mmoja, na linahitaji sahihi yako tu. Tunaomba ulitie sahihi wiki hii, kwa sababu shimo la pili limeshapimwa na ndoo za maji ya sabuni ziko palepale zilipokuwa.

Wako,
Wachambuzi wa mabaki ya vyungu