“Mmecheka nini?” Barua ya wazi kwa Rekta wetu

Lubumbashi

Bwana Rekta,

Ninakusalimia kwa heshima zote. Mimi ni asisita, yaani mwalimu msaidizi, wa takwimu katika chuo chako, na nasikia tunajiandaa kununua vifaa vya kufundishia walio ukumbini na walio mbali kwa wakati mmoja. Kabla pesa haijatoka, naomba usikie yaliyotokea Jumamosi moja ndani ya oditwari.

Tulikuwa karibu watu mia mbili. Wengine arobaini na kitu walikuwa wananifuata kwa simu, wapo wa Likasi, wapo wa Kolwezi, na wapo wa hapa hapa mjini, Katuba na Ruashi, ambao siku hiyo hawakupata nauli. Nilikuwa naeleza wastani na mediani (ile namba ya katikati ukizipanga zote kuanzia ndogo) kwa mfano wa mishahara: wafanyakazi tisa wanalipwa sawa, wa kumi ni bosi wao. Kijana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: “Asisita, kwa hiyo nikisimama karibu na bosi, wastani unanitajirisha?” Ukumbi mzima ukacheka. Lilikuwa swali zuri sana, maana somo lote la siku ile lilikuwa ndani yake. Nikamjibu, nikarudi ubaoni.

Baadaye nikafungua simu nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayefanya kazi mgodini Kolwezi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakwenda kulala ili asikose somo. Ameandika: “Mmecheka nini? Tunasikia wewe tu, na ukigeukia ubao hata wewe hatukusikii.”

Bwana Rekta, dada huyu analipa minervali, ada ya chuo, ile ile anayolipa yule kijana wa nyuma. Mtihani wao ni mmoja. Ila mmoja amepata somo, mwingine amebaki anasikia kicheko kwa mbali asijue kinatoka wapi.

Shida yenyewe inaeleweka kirahisi. Maikrofoni iliyomo ndani ya kompyuta imetengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele yake. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Aliye mita moja na aliye mita nane wametengana kwa desibeli 18, halafu weka juu yake mwangwi wa kuta tupu na mabati. Hakuna kamera itakayotibu hilo. Kinachotakiwa ni maikrofoni mbili zisizo na waya: moja ya kubana kwenye shati la mwalimu, nyingine ya kupita mkono kwa mkono kati ya viti. Na spika ziwekwe mbali na maikrofoni, ili mtu wa Kolwezi akiuliza asirudishiwe sauti yake mwenyewe.

Nimesikia watu wakitaja skrini kubwa za kugusa. Sizipingi. Lakini skrini bila sauti ni picha kwa walio ndani tu, na kwa walio nje haileti kitu. Kwa maandishi, mimi nimejaribu njia ndogo ambayo imenisaidia: simu inafungwa kwenye kishikio juu ya meza, ikitazama chini, nami naandika kwa kalamu nene kwenye karatasi. Picha hiyo inakwenda kwa projekta ukumbini na kwa simu za walio mbali. Wote wanaona hesabu ikizaliwa mstari kwa mstari, na mimi nawatazama wanafunzi badala ya kuwapa mgongo.

Halafu kuna umeme. Wewe unajua delestaji yetu, huu umeme wa mgao, sina haja ya kuieleza. Projekta inakula wati 250 hivi, kompyuta ya mkononi 60, ruta 10. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200, tukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 1,200, yaani zaidi ya saa tatu kwa vyote vitatu. Moto ukikatika nikazima projekta, hesabu inanipa karibu saa kumi na saba. Walio mbali hawatajua hata kwamba umeme umekwenda. Jenereta tuliyo nayo inanguruma chini ya dirisha, na mngurumo wake wote unaingia kwenye maikrofoni.

Jambo linaloniuma zaidi ni megabaiti, kwa sababu chuo hakizilipi, anazilipa mwanafunzi. Somo la saa tatu kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde linakula megabaiti 1,350. Somo hilo hilo kwa sauti peke yake, kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 43. Basi naomba iwe kanuni: kila somo lirekodiwe, na rekodi ya sauti nyepesi itolewe siku hiyo hiyo pamoja na picha za karatasi nilizoandika. Moodle ni programu isiyolipiwa ya kuwapa wanafunzi masomo kwa kompyuta, ipo tangu mwaka 2002, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja hapa hapa chuoni. Anayefika kampasi atashusha rekodi kwa Wi-Fi ya ndani bila megabaiti hata moja ya kununua.

Najua wapo wenzangu wanaoogopa kurekodiwa, wakihofia silabusi zao, yale maandishi ya somo wanayowauzia wanafunzi, hazitanunuliwa tena. Hofu hiyo ina sababu, maana wengine ndipo wanapopata ada za watoto. Usiwalazimishe kabla ya kuandika wazi rekodi ni mali ya nani na mwalimu anapata nini.

Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, tulituma mafaili ya PDF kwa WhatsApp tukaamini tumefundisha. Wenzetu walikuwa mbele yetu zamani: UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, ilianza kufundisha kwa barua za posta mwaka 1946, na Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Hawakungoja skrini za kugusa. Walimfikiria kwanza yule asiyekuwepo.

Ombi langu la mwisho. Jumamosi ijayo naanza saa mbili asubuhi, na vifaa ni vile vile vya siku zote. Nitakutumia linki. Tafadhali usije ukumbini, wala usitumie intaneti ya ofisi. Kaa nyumbani na simu ya kawaida, ununue megabaiti kama wanavyonunua wao, ufuate somo mpaka mwisho. Nikimaliza, naomba ruhusa nikupigie nikuulize yule wa safu ya nyuma ameuliza nini.

Kwa heshima,

Asisita wako wa takwimu