Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: saa za mshonaji ziingie kwenye bei

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Bei ya haki kwa bidhaa zinazoshonwa kwa mikono

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Chang'ombe, na ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama tunaoshona mikoba ya vitenge, mito ya makochi na mashuka ya kudarizi. Bei tunazouzia zinalipa kitambaa, zinalipa uzi na zipu, ila aliyeshona halipwi. Ofisi yako inaweza kulirekebisha hilo bila kusubiri sheria mpya, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Chukua mkoba mmoja wa kitenge wa kubebea makabrasha, ule unaopendwa na wageni wa Bunge la bajeti. Kitenge chake ni shilingi 5,000, bitana 2,000, kitambaa kigumu cha katikati 2,500, zipu na vyuma vyake 1,500, mikanda ya vishikio 1,500, uzi 500. Jumla 13,000, na hapo bado hujakaa kwenye cherehani. Kukata, kupiga pasi, kushona, kuingiza bitana, kupiga mshono mara mbili pale kishikio kinapokutana na mkoba ili usichomoke mtu akiweka kompyuta: saa nne kwa fundi mzoefu. Mteja anaupokea, anavuta zipu, anageuza ndani nje, anakagua mishono, anasema ni mzuri sana. Kisha anauliza, "Mwisho bei gani?" Tunaishia 16,000.

Toa gharama za vitu, zinabaki 3,000. Toa umeme, nauli na sehemu ya kodi ya kibanda, tuseme 1,000. Saa nne zimelipwa 2,000, yaani shilingi 500 kwa saa. Mtu akishona hivyo saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi, na kila mkoba ukanunuliwa, anapata 88,000. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tulifurahi kwa dhati, maana watumishi hao ndio wateja wetu, wa Mji wa Serikali kule Mtumba na wa mjini. Sidai fundi wa kibandani alipwe sawa nao. Ila pengo hilo halielezeki kwa ujuzi, maana kushona mkoba unaodumu miaka mitano ni ujuzi.

Kwenye kudarizi hali ni ngumu zaidi. Mwenzetu mmoja hudarizi usiku watoto wakishalala. Anachora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, kisha anajaza kila jani kwa uzi, mshono mmoja mmoja. Shuka la sita kwa sita na foronya zake mbili linamchukua wiki tatu na zaidi. Sokoni linawekwa kando ya shuka la kiwandani lililochapwa maua kwa mashine, na mteja anataka bei zikaribiane. Yule mama akipunguza, hapunguzi faida. Anapunguza usiku wake.

Watu watasema soko ndilo linalopanga bei. Ni kweli, na sikuombi utangaze bei elekezi ya mikoba. Mikoba haifanani, mafundi hawafanani, na fundi anayefumua kwa uzembe wake hana haki ya kumtoza mteja saa hizo. Vilevile zipo bidhaa ambazo ukizipigia hesabu ya kweli hakuna atakayezinunua, na dawa yake ni kuziacha na kushona kitu kingine, kwa mfano pochi ndogo za mabaki ya vitenge, zinazokatwa kumi kwa mpigo. Lakini huwezi kujua kipi cha kuacha kama saa hazikuandikwa popote.

Hapo ndipo ofisi yako inapoingia. Mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na vikundi vya ushonaji ni miongoni mwa waombaji. Nimesaidia vikundi kadhaa kuandaa maandiko yao ya miradi ya kuombea mkopo. Cherehani wanaandika, vitenge wanaandika, hata chaki wanaandika. Wakifika kwenye ujira wao wanaweka sifuri, wakisema "tutajilipa faida ikipatikana." Matokeo yake andiko linaonyesha faida ambayo haipo, mkopo unatoka, na wakati wa marejesho ukifika pesa inatolewa kwenye unga wa nyumbani. Naomba maafisa maendeleo ya jamii wa kata, kabla ya kupitisha andiko la kikundi cha washonaji, wadai kuona saa za kila bidhaa na thamani ya saa moja. Andiko lenye sifuri lirudi likarekebishwe. Hatua hiyo inailinda pia fedha ya Jiji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mkoba ule ule, saa ikithaminiwa 1,500, ujira ni 6,000. Ongeza vitu 13,000 na uendeshaji 1,000, inakuwa 20,000. Weka asilimia 15 ya kukuza mtaji, inakuwa 23,000. Hiyo ndiyo bei ya jumla, ya kumwachia mwenye duka. Rejareja iwe kama 30,000, iwe dukani au kibandani kwetu. Wengi wetu tunapeleka mikoba kwa mali kauli, yaani tunalipwa ikishauzwa, kwenye maduka ya mjini kwa 16,000, mwenye duka anauza 28,000, halafu mteja akija nyumbani tunamuuzia 16,000 ile ile. Mwenye duka akigundua haagizi tena. Somo hili la bei mbili lifundishwe kwenye mafunzo ya wajasiriamali, na lipewe muda zaidi kuliko somo la kutabasamu kwa mteja.

Lingine ni manunuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake kama sisi, na mji huu una semina na mikutano mwaka mzima. Taasisi moja, sitaitaja, iliwahi kutuagiza mikoba ya semina, ikatushusha bei hadi tukabaki na gharama ya vitambaa tu, kisha ikatulipa baada ya miezi mitatu. Vitambaa hivyo tulivinunua kwa mkopo. Jiji likiagiza, liombe mchanganuo wa bei wenye mstari wa ujira, liuheshimu, na lilipe kwa wakati. Taasisi nyingine zitaiga.

Na jambo dogo ambalo naliona kila maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Mgeni rasmi akipita mabandani, vikundi humpa zawadi: mkoba, kitambaa cha meza, wakati mwingine shuka. Hutolewa kwa upendo na hakuna anayelazimishwa. Lakini shuka lile ni wiki tatu za mtu. Naomba mgeni anayealikwa na Jiji anunue, tena hadharani, kwa bei iliyoandikwa kwenye kibandiko, bila kuomba punguzo. Akifanya hivyo mbele ya watu, wateja watakaomfuata watasita kutuuliza mwisho bei gani.

Daftari letu la saa na gharama lipo, limeandikwa bidhaa kwa bidhaa. Niko tayari kulileta ofisini kwako siku utakayopanga, pamoja na mkoba mmoja tuufumue mbele ya maafisa wako ili kila mshono uhesabiwe.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mweka hazina wa kikundi cha washonaji
Chang'ombe, Dodoma