Nukta mkato iliyotukosesha usingizi

Mhariri,

Julai iliyopita, kwa baridi ile ya Uyole, niliamshwa kwa simu saa kumi na moja alfajiri: mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo haufunguki. Kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo huo, nikakuta faili za mipangilio nne: nginx.conf, nginx.conf.zamani, nginx.conf.zamani2 na nginx.conf.usiguse. Sasa ipi ndiyo ya jana? Aliyeziacha alishahamia Songea, simu haipatikani. Nimehangaika kwa saa tatu nzima, kumbe kuna nukta mkato moja imefutwa mwishoni mwa mstari. Wanachama wamejaa mlangoni, na mama mmoja muuza viazi alinitazama mpaka nikaona haya.

Mafundi wenzangu, tumieni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa kazi ya kuunda Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, lakini hata folda ya /etc, yenye mipangilio ya seva, inatunzika humo vizuri tu. Kila badiliko linabaki na tarehe, jina la aliyebadilisha na sababu yake, mradi aandike sababu ya maana, si "nimerekebisha". Amri ya git diff, inayoonyesha kilichobadilika, ingenionyesha ule mstari papo hapo. Ila nywila msiziweke humo: hata ukizifuta kwenye faili, kwenye historia bado zipo.

Wakubwa wa ofisi wanasema tunapoteza muda. Mbona mhasibu akifuta leja yake kwa kifutio wanamwita mwizi?

Seva yetu niliiweka kwenye Git jioni ileile. Maelezo ya kwanza niliyoandika: "Nimerudisha nukta mkato, mstari wa 42."

Fundi wa kompyuta,
Uyole, Mbeya